Enkoda: Kuhesabu Mwendo na Kutambua Mahali

Miongoni mwa maneno yanayowafikia wafasiri kila mara kutoka viwandani, limo jina la kifaa kidogo kinachofungwa kwenye ncha ya shafti ya mota, ya kreni au ya mkanda wa kusafirishia mizigo. Kazi yake ni kuueleza mtambo jinsi shafti ilivyozunguka: imezunguka kiasi gani, kwa upande upi, kwa kasi gani, na sasa imesimama wapi. Mafundi wengi hukiita enkoda. Katika baadhi ya tafsiri kifaa hicho huitwa kihisi, pengine kipimo, na pengine huachwa bila jina, kikaitwa “kifaa cha nyuma ya mota”.

Katika makala hii tutaeleza kwanza kifaa chenyewe kinavyofanya kazi, kisha tutazungumzia istilahi zake. Tumefuata utaratibu huo kwa sababu mfasiri asiyekijua kitu hawezi kukipa jina litakalomfaa anayekitumia. Tutaona pia kwamba zipo enkoda za aina mbili, na kwamba anayezichanganya aina hizo katika kitabu cha maelekezo anaweza kumtia fundi katika hatari ya kuumia.

Gurudumu la baiskeli

Tuanze na kitu kinachojulikana. Uwanda wa Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ni nchi tambarare, na baiskeli ni chombo cha kila siku. Hubeba magunia ya mpunga, mikungu ya ndizi, kakao na abiria. Tumchukue mtu wa Mbugani, katika mji wa Kyela, anayetaka kujua urefu wa njia ya kwenda ziwani, naye hana chombo cha kupimia ila baiskeli yake. Atafunga kitambaa chekundu kwenye spoku moja ya gurudumu la mbele, kisha ataisukuma baiskeli akihesabu kila kitambaa kinapopita kwenye foku. Ikiwa mzingo wa gurudumu ni mita 2, basi mara 5,000 za kitambaa ni kilomita 10.

Katika mfano huu mdogo yamo mambo yote ya msingi ya enkoda. Kwanza, umbali umegeuzwa kuwa mzunguko. Pili, mzunguko umegeuzwa kuwa hesabu. Tatu, mpimaji akitazama saa yake ataipata kasi, kwa kugawa hesabu kwa muda uliopita. Nne, udhaifu wake unaonekana waziwazi: kitambaa kimoja hakiwezi kuonyesha nusu ya mzunguko wala robo yake. Anayetaka kipimo cha karibu zaidi hana budi kufunga vitambaa vingi kwa nafasi zilizo sawa. Akifunga vitambaa 20, kila kitambaa kitakuwa na thamani ya sentimita 10.

Lipo jambo la tano, nalo husahauliwa na wengi. Kitambaa huhesabu mizunguko ya gurudumu, wala hakiijui njia. Gurudumu likiteleza kwenye tope la masika, hesabu itaongezeka ilhali baiskeli haikusogea. Hali kadhalika enkoda husema habari za shafti iliyofungwa kwayo, na si za mzigo. Mkanda ukiteleza juu ya puli, au kamba ya kreni ikilegea, enkoda itatoa namba sahihi ya shafti ambayo ni namba ya uongo kuhusu mzigo. Kwa hiyo mfasiri aandikapo kwamba enkoda “hupima mwendo wa mzigo” ameongeza jambo ambalo kifaa hakiliwezi. Yafaa aandike kwamba hupima mzunguko wa shafti, na mwendo wa mzigo hukadiriwa kutokana na mzunguko huo.

Kisahani na nuru

Katika enkoda, mahali pa gurudumu pana kisahani chembamba cha kioo, plastiki au chuma. Ukingoni mwake imechorwa mistari myembamba inayopishana: mmoja unapitisha nuru, unaofuata unaizuia. Upande mmoja wa kisahani ipo taa ndogo ya diodi, na upande wa pili kipo kihisi cha nuru. Shafti inapozunguka, kisahani huzunguka nayo, na nuru humfikia kihisi kwa vipande: inawaka, inazimika, inawaka, inazimika. Kihisi hugeuza vipande hivyo kuwa mipigo ya umeme, na kihesabio huihesabu.

Kisahani chenye mistari 1,024 hutoa mipigo 1,024 kwa kila mzunguko mmoja wa shafti. Mahali palipo na vumbi jingi, mafuta au unyevu, ambapo nuru ingeweza kuzibwa, hutumika enkoda za sumaku. Humo badala ya mistari ya nuru mna ncha za sumaku zinazopishana, na kihisi hutambua badiliko la nguvu ya sumaku. Kanuni ni ile ile, na kilichobadilika ni njia tu ya kuisoma.

Hapa ndipo tunapoona kwa nini jina kihisi halitoshi. Kihisi ni kiungo kimoja tu ndani ya enkoda, kama vile jicho ni kiungo kimoja cha mtu asomaye. Fundi akiambiwa “badilisha kihisi”, hatajua kama atoe kiungo cha ndani au kifaa kizima.

Kwenda mbele na kurudi nyuma

Mpimaji wetu wa Mbugani ana tatizo jingine. Tuseme amefika njiani akakumbuka kwamba amesahau mzigo, akairudisha baiskeli nyuma mita 100. Kitambaa kitaendelea kupita kwenye foku, na asiyeangalia atazidi kujumlisha. Kwa kitambaa kimoja na foku moja hakuna njia ya kutofautisha kwenda na kurudi.

Dawa yake ni nyepesi. Afunge vijiti viwili kwenye foku, kimoja karibu na kingine. Baiskeli inapokwenda mbele, kitambaa kitagusa kijiti cha kwanza, na punde kile cha pili. Inaporudi nyuma kitagusa cha pili kwanza. Kwa kutazama kijiti kipi kimetangulia, mpimaji atajua kama ajumlishe au atoe.

Enkoda hufanya hivyo hivyo. Huwa na vihisi viwili vya nuru, vilivyopangwa hivi kwamba mipigo ya kimoja inatanguliana na mipigo ya kingine kwa robo ya hatua. Njia hizo mbili kwa desturi huitwa A na B. A ikitangulia, shafti inazunguka upande mmoja. B ikitangulia, inazunguka upande wa pili. Faida nyingine hupatikana papo hapo: kila mstari mmoja wa kisahani huleta mabadiliko manne, yaani A kuwaka, B kuwaka, A kuzimika, B kuzimika. Kihesabio kinachoyahesabu yote manne hupata hatua 4,096 kutoka katika kisahani cha mistari 1,024. Katika mashine ya kukereza ambayo skrubu yake husogeza meza milimita 10 kwa mzunguko mmoja, kila hatua ni sawa na takriban milimita 0.0024.

Aghalabu huwapo njia ya tatu, iitwayo Z, ambayo hutoa mpigo mmoja tu kwa kila mzunguko mzima. Huo ndio mpigo wa rejea. Umuhimu wake utaonekana sasa hivi.

Umeme unapokatika

Tuliyoyaeleza hadi hapa ni habari za enkoda ya aina ya kwanza, ile inayohesabu. Enkoda hiyo haijui mahali ilipo, bali hujua tu kwamba kuna hatua imepita. Mahali pa mashine hutunzwa katika kihesabio, kwa kujumlisha na kutoa. Umeme ukikatika na kihesabio kikapoteza hesabu, mashine inakuwa kama mpimaji aliyeshtuliwa usingizini katikati ya njia. Kitambaa chake kingali kipo na gurudumu lake ni zima, lakini hajui alikuwa amefikia ngapi. Zaidi ya hayo, ikiwa mzigo uliteremka au shafti ilisukumwa wakati umeme haupo, mwendo huo haukuhesabiwa na yeyote.

Kwa sababu hiyo mashine nyingi zenye enkoda ya kuhesabu, umeme unaporudi, hazina budi kwanza kutafuta mahali pa kuanzia. Meza au mkono wa mashine husogea polepole mpaka uguse swichi ya mwisho, kisha huendelea mpaka mpigo wa Z upatikane. Hapo kihesabio huwekwa sifuri, na kazi huanza. Yaani mashine husogea kabla haijapewa kazi yoyote. Fundi aliyeingiza mkono kuondoa kitu kilichokwama, akidhani kwamba mashine haitacheza mpaka aiamuru, anaweza kuupoteza mkono huo. Onyo la jambo hili huwamo katika vitabu vya maelekezo, nalo ni wajibu wa mfasiri kulifikisha kwa maneno yasiyo na shaka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inawataka waajiri wawape wafanyakazi habari na mafunzo ya kuwakinga. Habari iliyofasiriwa vibaya haimkingi mtu.

Enkoda ya aina ya pili hufuata njia nyingine. Kisahani chake hakina duru moja ya mistari iliyofanana, bali kina duru kadha zilizozungukana, na kila duru ina kihisi chake. Vihisi vyote vikisomwa kwa pamoja, kila kimoja hutoa 0 au 1, na tarakimu hizo hufanya namba moja. Kisahani chenye duru 10 huwa na namba 1,024 tofauti, na chenye duru 12 huwa na 4,096. Kila mahali pa mzunguko pana namba yake, kama mawe ya maili yaliyopandwa kando ya barabara. Mpimaji akizinduka usingizini, hahitaji kukumbuka chochote: husoma jiwe lililo mbele yake. Umeme ukikatika na kurudi, enkoda hii husema pale pale mahali shafti ilipo, hata kama ilisukumwa gizani.

Kwa kawaida namba hizo hazifuati mpango wa kuhesabu tuliouzoea. Katika mfumo wa namba wenye tarakimu mbili tu, 3 huandikwa 011 na 4 huandikwa 100, maana yake tarakimu zote tatu hubadilika kwa mara moja. Kisahani kikisimama mpakani hasa, kihisi kimoja kinaweza kubadilika kabla ya vingine, na namba ikasomeka 111, ambayo ni 7, au 000, ambayo ni sifuri. Ili kuiepuka hitilafu hiyo hutumiwa msimbo wa Gray, uliopewa jina la Frank Gray wa maabara ya Bell ya Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1953. Katika msimbo huo 3 ni 010 na 4 ni 110. Tarakimu moja tu hubadilika kutoka hatua moja hadi inayofuata, na kosa la kusoma haliwezi kuzidi hatua moja.

Kimo cha ziwa

Mfano unaozikutanisha aina zote mbili unapatikana katika kazi inayowahusu sana watu wa ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, nayo ni kupima kimo cha maji. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani hadi uwandani, na wakati wa masika mashamba hufurika. Ziwa nalo hupanda na kushuka. Karibu na mwaka 1915 uso wake ulikuwa takriban mita 470 juu ya usawa wa bahari, na mwaka 1980 ulifika karibu mita 477. Tofauti ya mita 7 katika nchi tambarare ni tofauti ya kijiji na maji. Hata nahodha wa meli za mizigo kama MV Njombe na MV Ruvuma, zilizojengwa Itungi na zenye uwezo wa tani 1,000 kila moja, anahitaji kujua kina alichonacho chini yake.

Njia ya kale ni ubao wenye alama uliosimikwa majini, unaosomwa kwa macho. Njia nyingine, itumiwayo katika nchi nyingi, ni boya na enkoda. Hujengwa kisima kilichounganishwa na ziwa kwa bomba, ili mawimbi yasiingie. Ndani yake huelea boya lililofungwa waya, na waya hupita juu ya puli ukiwa na uzito mdogo upande wa pili. Maji yakipanda, boya hupanda na puli huzunguka. Puli yenye mzingo wa milimita 400 huzunguka mara mbili na nusu kwa kila mita moja ya maji. Ikifungwa enkoda yenye hatua 400, kila hatua ni milimita moja.

Tukifunga enkoda ya kuhesabu, kituo kikikosa umeme usiku wa mafuriko, hesabu hupotea katika saa ile ile inayohitajiwa kuliko zote. Tukifunga enkoda ya mahali yenye mzunguko mmoja, namba zake hujirudia kila maji yanapopanda milimita 400, na mita 7 za ziwa ni mizunguko 17 na nusu. Kwa hiyo inatakiwa enkoda ya mahali ya mizunguko mingi, ambayo huwa na gia ndogo zinazotunza idadi ya mizunguko, kama akrabu ya saa inavyotunza idadi ya mizunguko ya akrabu ya dakika.

Hata hivyo enkoda hiyo nayo haijui ziwa. Inajua puli. Ili namba yake iwe kimo cha ziwa, hapana budi mtu aisome pamoja na ubao wa alama, na ubao huo uwe umelinganishwa na alama ya kudumu ya wapimaji wa ardhi. Namba isiyo na sifuri inayojulikana haina maana, hata ikiwa na tarakimu nyingi namna gani.

Majina

Sasa tuyatazame majina. Kwa kufuata msingi wa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, tungeweza kuunda kipimamzunguko, kwa mfano wa kipimajoto na kipimapembe. Neno hilo linaeleweka, lakini linafaa pia kwa kifaa kinachopima kasi ya mzunguko peke yake, nalo halionyeshi kwamba kifaa hiki hutoa namba.

Kutokana na msimbo tungeweza kupata kisimbaji. Hili ni neno la mantiki, kwani kusimba ni kutia katika msimbo na kusimbua ni kutoa, kama kufunga na kufungua. Lakini kisimbuzi tayari kimo vinywani mwa watu. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia ya televisheni tarehe 31 Desemba 2012, wananchi wamezoea king'amuzi, na wengine kisimbuzi, kwa kile kisanduku cha televisheni. Kisimbaji na kisimbuzi vikikaa katika orodha moja ya vipuri, tofauti ya silabi mbili itamponza mtunza stoo.

Kwa sababu hizo tunaona kwamba enkoda lifuatwe. Linatamkika, linakubali ngeli bila taabu (enkoda hii, enkoda hizi), na mafundi wanalo.

Tatizo kubwa zaidi liko katika majina ya aina mbili. Kiingereza huzitofautisha kwa sifa ambazo, zikifasiriwa neno kwa neno, ni “ya nyongeza” na “kamili”. Tafsiri hizo mbili tunazikataa. Karani wa ununuzi akisoma “enkoda ya nyongeza” ataelewa enkoda ya akiba, naye anaweza kuifuta katika hati ili kupunguza gharama. Na “enkoda kamili” humfanya msomaji adhani kwamba ile nyingine ina upungufu au imeharibika, ilhali ni nzima na inafaa kwa kazi nyingi kwa bei nafuu. Jina halina budi kusema kile ambacho fundi anataka kujua: je, umeme ukirudi, kifaa hiki kitajua mahali kilipo?

Tunapendekeza basi istilahi zifuatazo:

Enkoda ya hesabu: enkoda inayotoa mipigo ya kuhesabiwa, isiyojua mahali shafti ilipo baada ya umeme kukatika.

Enkoda ya mahali: enkoda inayotoa namba ya pekee kwa kila mahali pa shafti. Huwa ya mzunguko mmoja au ya mizunguko mingi.

Mpigo: badiliko moja la umeme linalotokana na mstari mmoja wa kisahani.

Mpigo wa rejea: mpigo mmoja kwa kila mzunguko, unaotumika kuweka sifuri.

Hatua: badiliko dogo kabisa la mzunguko ambalo enkoda inaweza kulionyesha.

Kurejea sifuri: mwendo wa mashine yenyewe wa kutafuta mahali pa kuanzia kabla ya kazi.

Mwalimu wa ufundi anaweza kuzifundisha istilahi hizi kwa baiskeli, kitambaa na vijiti viwili. Mtumishi wa serikali anayeandika mahitaji ya zabuni ataje aina anayoitaka, wala asiandike “enkoda” pekee. Naye mfasiri, kila anapokutana na onyo la kurejea sifuri, asiridhike na sentensi isemayo kwamba mashine “itajiandaa”. Aandike wazi: umeme ukirudi, mashine hii itasogea yenyewe, ondoa mikono.